King'amuzi cha Tatu

Siku nilipomletea Mama king'amuzi cha kwanza cha intaneti, kisanduku cha kuleta chaneli za TV kupitia intaneti, aliniuliza swali moja tu: "Namba tatu iko wapi?" Alikuwa ameshika rimoti, anaigeuza huku na huku, kidole gumba kinatafuta kitufe ambacho kwa miaka yote kilikuwa mahali pale pale. Hakikuwepo. Kulikuwa na mishale minne, duara katikati, na kitufe kimoja chenye mchoro wa kipanya cha kompyuta. Nilicheka. "Mama, siku hizi hakuna namba, unachagua kwa kuangalia picha." Hakubishana. Aliiweka rimoti mezani taratibu, akaniambia nikimaliza kuichezea nimwitie taarifa ya habari.

Swali lile ndilo nililotakiwa kwenda nalo dukani. Badala yake nilikwenda na maswali ya vijana wa mtandaoni, ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kifaa) na 4K (picha kali kuliko HD ya kawaida), na ving'amuzi viwili vikaishia kabatini.

Tuliingia kwenye mambo haya kwa kulazimishwa. Jengo jipya lilipanda kati ya dirisha letu na upande uliko mnara wa kurushia matangazo, na kila ghorofa iliyoongezeka ilitupunguzia chaneli mbili tatu. Zamani za analojia, mawimbi yakipungua picha ilipiga chenga lakini uliendelea kutazama. Ukiwa na moyo ungemaliza mchezo mzima ukiwaona wachezaji kama wako kwenye mvua ya mawe. Dijitali haina subira hiyo. Inakupa picha safi kabisa mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha inavunjika vipande vya mraba, inakwaruza sauti, inazima. Jirani yetu wa ghorofa ya juu hakupoteza chaneli hata moja, kwa kuwa antena yake inapita juu ya lile jengo. Tulijua hivyo kwa sababu siku za mpira huwa tunamsikia.

Ndani tayari tulikuwa na intaneti ya waya niliyoiweka kwa ajili ya kazi zangu. Vituo vingi vya televisheni ya bure hurusha matangazo yao kupitia intaneti pia. Hesabu ilionekana nyepesi: ninunue kisanduku, nikichomeke kwenye HDMI, lile tundu la TV la kuingizia picha na sauti, Mama arudishiwe chaneli zake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kisanduku changu cha kwanza kilijitembeza haswa. Boksi lake lilijaa vibandiko: 8K, maelfu ya chaneli, bure maisha yote, hakuna malipo ya mwezi. Nikauziwa mbuzi kwenye gunia huku natabasamu. Wiki ya kwanza tulikuwa wafalme. Kulikuwa na chaneli za lugha ambazo hakuna anayezijua nyumbani, filamu ambazo bado ziko kwenye majumba ya sinema, na mechi ambazo watu wanazilipia. Wiki ya tatu chaneli zikaanza kupungua. Unafungua leo ipo, kesho skrini nyeusi, keshokutwa jina ni lile lile lakini ndani kuna kitu kingine kabisa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna hata moja kati ya zile chaneli iliyokuwa ikitoka kwa kituo chenyewe. Mtu fulani alikuwa anayanasa matangazo na kuyarusha upya kutoka kwenye seva yake, yaani kompyuta yake ya mtandaoni, na seva ikifungwa au akihama, ninyi wa kisanduku mnabaki mkitazamana. Mimi nilikuwa naita televisheni ya bure. Jina lake sahihi ni televisheni ya wizi, na haidumu.

Nikasema basi, nitaweka programu rasmi ya kituo anachokipenda Mama. Duka la programu likaniambia kifaa changu hakifai. Nikaipakua kwa njia za pembeni, ikafunguka ikiwa imesimama wima katikati ya skrini kama simu, pande zote mbili giza, inataka kuguswa kwa kidole. Hapo ndipo nilipojua kazi ya kile kitufe cha kipanya: kilileta mshale mdogo ambao unausukuma kwa rimoti, hatua kwa hatua, kama unasogeza kabati peke yako.

Android, mfumo unaoendesha visanduku kama hivi, ziko mbili, na sikujua. Moja ni Android TV, ambayo Google iliitangaza mwaka 2014, imetengenezwa kwa skrini kubwa na rimoti, na kifaa hakipewi idhini ya kubeba jina hilo mpaka kipimwe. Nyingine ni Android ya wazi ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua, kuivalisha sura ya televisheni, na kuiuza. Dukani zinafanana. Tofauti inajitokeza ukianza kutafuta programu za vituo. Hata zile zinazokubali kufunguka zinaweza kukubania picha, kwa sababu huduma nyingi hufunga video zao kwa kufuli la Google la kuzuia video zisinakiliwe, liitwalo Widevine, na kufuli hilo lina ngazi. Kifaa chenye ngazi ya L1, ambapo ufunguaji hufanyika ndani ya sehemu salama ya chipu, hupata picha kamili. Chenye L3 mara nyingi huishia kwenye picha ya mistari 480 hivi, hata kama boksi limeandikwa 8K kwa herufi za dhahabu. Ule ukungu niliokuwa nikiufuta kwenye kioo cha TV kwa kitambaa, kumbe haukuwa vumbi.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniondoa kwenye kisanduku kile ni taa ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Usiku mmoja niliamka kwenda kunywa maji nikaiona inapepesa kwa kasi, gizani, TV imezimwa, kompyuta imefungwa, simu zote mezani. Nikafikiri ni kawaida yake. Usiku wa pili, hivyo hivyo. Mpwa wangu, ambaye anasomea mambo haya, alipokuja kututembelea akafungua ukurasa wa ruta na kunionyesha orodha ya vifaa.

"Mjomba, hiki kisanduku kinaongea na nani saa nane za usiku?"

Kilikuwa kinapeleka nje data nyingi kuliko inayoingia. Kisanduku cha kutazamia televisheni hakina kitu kikubwa cha kupeleka nje. Kazi yake ni kupokea. Sina ushahidi wa kilichokuwa kinapelekwa, na sitaki kukizulia. Ila baadaye nilisoma kuhusu BADBOX, jina ambalo kampuni ya usalama ya HUMAN ililitumia mwaka 2023 kueleza mtandao wa visanduku vya bei ya chini vya Android vilivyofika mikononi mwa wanunuzi vikiwa tayari na programu hasidi ndani. Mwaka 2025 wakaeleza wimbi la pili lililogusa vifaa zaidi ya milioni 1, na Juni ya mwaka huo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikatoa onyo kwa umma. Moja ya matumizi ya vifaa hivyo ni kukodisha intaneti ya nyumbani kwako kwa watu usiowajua, wakafanya mambo yao, na anwani inayoonekana ni yako. Dalili zilizotajwa katika onyo lile nilizisoma kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe: chapa isiyojulikana, tangazo kwamba kisanduku "kimefunguliwa" kionyeshe kila kitu bure, maelekezo ya kuzima Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, wakati wa kukiwasha. Hilo la mwisho lilikuwa hatua ya pili kwenye karatasi ya maelekezo, na mimi nililifuata kwa utiifu.

Nikakichomoa siku ile ile.

Cha pili alinichagulia mpwa wangu, na sikumlaumu wala simlaumu. Kilikuwa kijiti, siyo kisanduku, kinachomekwa moja kwa moja nyuma ya TV na kujificha. Chapa ya kuaminika, Android TV halisi, L1, 4K, na kila neno ambalo watu wa mambo haya hulitafuta. Picha yake asubuhi ilikuwa kama dirisha lililosafishwa. Saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, msomaji anaganda mdomo ukiwa wazi, kiduara kinazunguka.

Filamu za mtandaoni hazikuganda. Hilo lilinichanganya sana, maana filamu ni nzito kuliko taarifa ya habari. Sababu ni rahisi ukishaambiwa. Filamu ipo tayari kwenye seva, kwa hiyo kifaa chako kinachota dakika kadhaa mbele na kuziweka akiba. Intaneti ikiyumba kidogo, wewe unatazama akiba. Matangazo ya mubashara hayana akiba ya kuchota. Huwezi kupakua sekunde ambayo haijatokea. Kifaa kinakaa na sekunde chache tu mkononi, na mtikisiko ambao filamu ingeumeza bila wewe kujua, taarifa ya habari inausema mbele ya watu wote. Kwa hiyo anayekuambia intaneti yake ni nzuri kwa sababu filamu hazikwami, bado hajaipima kwa televisheni.

Nikampigia simu mtoa huduma wa intaneti mara tatu, kila mara sauti ikipanda. Mwishowe akaja fundi, kijana mpole, akapima kando ya ruta: megabiti 40 kwa sekunde. "Sisi tumefikisha, mzee." Kisha, bila kuombwa, akaichukua simu yake akaipeleka nyuma ya TV, pale kijiti kilipojificha. Megabiti 3. Kati ya ruta na TV kulikuwa na kuta mbili, na nyuma ya TV kwenyewe ni bati na nyaya. Nilikuwa nimekichomeka king'amuzi ndani ya kopo kisha nikalalamika hakisikii. Chaneli moja yenye picha nzuri ya HD hutaka kama megabiti 5 kwa sekunde, 4K hutaka 15 hadi 25. Megabiti 40 zangu zilitosha watu wote nyumbani. Hazikuwa zinafika tu.

Akanionyesha vitu viwili. Kwanza, kipande kifupi cha waya wa HDMI cha kurefushia, ili kijiti kining'inie pembeni badala ya kubanwa nyuma. Hicho peke yake kilitupandisha kutoka 3 hadi 11. Pili, kwamba ruta ilikuwa inatoa mawimbi ya waifai ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 yanayopenya kuta vizuri lakini yamejaa msongamano wa majirani, na ya gigahezi 5 yenye kasi zaidi lakini yanayochoka ukutani. Tukajaribu yote mawili. Dawa ya kudumu haikuwa mojawapo. Ilikuwa waya, ule wa kawaida wa mtandao, uliopita pembeni ya ukuta hadi kwenye TV, na kijiti changu cha kisasa hakikuwa na tundu la waya. Ikabidi ninunue kifaa kingine cha kuunganishia. Tundu la mtandao ni kitu ambacho hakuna anayekisifia kwenye tangazo, na hata likiwa la megabiti 100, ambalo wapenzi wa vifaa hulidharau, ni mara nne ya mahitaji ya mkondo mmoja wa 4K.

Kuganda kukaisha. Kikabaki kitu ambacho mimi peke yangu nilikiona, na nilianza kujihisi mwendawazimu. Mpira ukipigwa pasi ndefu, kamera ikiufuata, uwanja ulikuwa unatikisika kidogo kidogo kama unautazama kutoka kwenye gari lenye tairi bovu. Maandishi yanayopita chini ya taarifa nayo vile vile. Hakukuwa na kosa la intaneti wala la TV. Nchi nyingi zilizotoka kwenye PAL, mfumo mmojawapo wa televisheni wa enzi za analojia, hurusha televisheni kwa fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) 25 au 50 kwa sekunde. Kijiti changu kilikuja kutoka kiwandani kimewekwa kutoa 60, kiwango kinachotokana na mfumo wa Marekani. Ili kuijaza 60 kutoka kwenye 50, kifaa kinalazimika kurudia fremu moja katika kila tano. Mara kumi kwa sekunde picha inajikwaa. Kwenye sinema au mahojiano hutaona. Kwenye mpira utaona mpaka kichwa kiume. Ving'amuzi vingine vina mpangilio wa kufuata kasi ya fremu ya chaneli yenyewe, vingine vinakuruhusu kuchagua 50 kwa mkono, vingine havina chochote. Changu kilikuruhusu kwa mkono. Nilikigusa mara moja, uwanja ukatulia, nikamwita Mama aje aone. "Kuna nini?" akauliza. Hakuwa ameona tatizo tangu mwanzo.

Taa ya ruta nayo ikarudi. Safari hii nilikimbilia ukurasa wa ruta mwenyewe, moyo unadunda, nikakuta karibu data yote inaingia, inayotoka ni kidogo sana. Mama alikuwa amezima TV kwa rimoti ya TV na kwenda kulala. Kijiti hakikuambiwa kitu. Kiliendelea kupokea chaneli usiku kucha na kuionyesha kwa kioo kilicholala. Megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2 na robo kwa saa. Kwa saa nane za usingizi ni gigabaiti 18 zimemwagwa. Sisi bando letu halina kikomo, nikacheka. Mwenye kikomo asingecheka. Hata kwa matumizi ya kawaida, saa nne kwa siku, mwezi unaisha na gigabaiti 270, na hilo ni la kulijua kabla hujauza antena. Suluhisho lilikuwepo ndani ya waya wa HDMI muda wote: CEC, njia ya vifaa kupeana amri, TV ikizimwa king'amuzi nacho kinalala, rimoti moja inaamuru vyote viwili. Kila mtengenezaji wa TV huipa jina lake mwenyewe kwenye mipangilio, ndiyo maana watu hawaijui. Kwetu ilikuwa imezimwa.

Sasa kifaa kilikuwa sawa kwa kila kipimo ninachokijua. Na Mama hakukitumia. Alikuwa anasubiri nirudi kutoka kazini nimfungulie.

Kukifungua, kwanza unafika kwenye ukurasa wa nyumbani uliojaa mabango ya filamu, nusu yake za kulipia. Unashuka, unatafuta programu ya kituo, unaifungua, inakuonyesha vipindi vya wiki iliyopita, unatafuta neno "mubashara", unabonyeza, unatazama tangazo, ndipo unapata chaneli. Ukitaka chaneli nyingine, unatoka kote huko na kuingia kwenye programu nyingine yenye mpangilio mwingine. Mimi niliona hatua sita. Yeye aliona nyumba ya mtu mwingine ambamo kila mara unaomba ruhusa. Siku moja alinipigia simu kazini, sauti ya chini kana kwamba kuna mtu anamsikiliza: "Mwanangu, TV inataka namba ya kadi ya benki." Alikuwa amebonyeza kimojawapo cha vile vitufe vya rangi vya huduma za kulipia, vilivyowekwa kwenye rimoti pale ambapo kidole gumba hupumzika.

Jumamosi iliyofuata nilikaa naye na karatasi. Nilimwomba anitajie chaneli anazotazama kweli, siyo anazozijua. Zikafika 11. Ni ajabu kwamba sikuwahi kumuuliza. Kisha nikatafuta kila moja, jioni nzima: je, kituo chenyewe kinarusha mubashara kwenye intaneti, kwa njia gani, na je, kinaruhusu mahali tulipo? Hili la mwisho lina uzito. Kituo kinaweza kuwa bure hewani lakini kikafunga baadhi ya vipindi mtandaoni, hasa michezo, kwa sababu haki walizonunua haziwaruhusu kuonyesha kwa njia hiyo au kwa nchi hiyo. Unaona nembo ya kituo na maandishi ya kuomba radhi, na hakuna king'amuzi cha halali kitakachobadilisha hilo. Katika zile 11, nane zilikuwa na programu zao, mbili zilikuwa mubashara YouTube tu, moja haikuwepo popote. Mama akatafakari akasema hiyo moja ataiacha, mtangazaji wake ameshahama.

Karatasi ile ilinifundisha pia kwamba neno "bure" lina ukoo zaidi ya mmoja. Kuna vituo vya hewani vilivyoingia mtandaoni. Kuna chaneli zilizozaliwa mtandaoni, zinaishi kwa matangazo, kama zile za Pluto TV iliyoanza Marekani mwaka 2014, ambazo hupanga vipindi kama chaneli za kawaida lakini hazijawahi kupita kwenye antena. Na kuna mipango ya vituo vyenyewe kuungana: Uingereza mwaka 2024 BBC, ITV, Channel 4 na Channel 5 zilianzisha Freely, inayoleta chaneli za bure kupitia intaneti zikiwa na orodha moja na namba zake, bila kuruka kutoka programu hadi programu. Niliposoma hilo la namba nilimkumbuka Mama na rimoti mkononi. Watu wa vituo vinne vikubwa walikaa mezani wakafikia pale alipokuwa amefika yeye kwa swali moja.

Kwa hiyo dukani, mara ya tatu, nilikwenda na karatasi na sikuuliza RAM. Niliomba kiwashwe. Nikaomba tutafute zile programu nane hapo hapo, kwenye duka la programu la kifaa chenyewe, na tuzifungue. Muuzaji wa kwanza alikataa, nikamuaga. Wa pili alikubali, na king'amuzi cha kwanza alichokisifia kilikosa tatu kati ya nane. Kilichofuata kilikuwa na zote. Nikaomba rimoti: ilikuwa na tarakimu. Kilikuwa na sehemu moja ya kukusanya chaneli za mubashara kutoka programu mbalimbali na kuzipa namba, pamoja na ratiba yake. Sio zote zilikubali kuingia humo. Kati ya nane ziliingia sita. Kilikuwa na tundu la waya. Nikauliza toleo la mfumo wake na kama mtengenezaji bado anatoa masasisho, kwa sababu kisanduku huzeeka kwa programu kabla ya kuzeeka kwa umbo. Siku programu ya kituo inapotaka toleo jipya na kisanduku hakilipati, kimekufa kikiwa na afya. Mwisho nikamwomba muuzaji akichomoe kwenye umeme kikiwa kinaonyesha chaneli, kisha akirudishe. Alinitazama vibaya, lakini akafanya. Kikawaka, kikafikiri kidogo, kikarudi kwenye chaneli ile ile. Kile kijiti umeme ukikatika kilikuwa kinarudi kwenye mabango ya filamu, na Mama anarudi kwenye kunisubiri.

Kwa uwezo ni duni kuliko cha pili. Menyu yake hufikiri kabla ya kusogea. Mpwa wangu alipoona kina RAM kiasi gani alishika kichwa. Picha haina 4K, na chaneli zetu zote 10 zilizobaki hazina 4K pia, kwa hiyo tunakosa kitu ambacho hakipo. Kurekodi hakuwezekani, baadhi ya programu hukuruhusu kuanza kipindi tangu mwanzo, nyingine kukipata kwa siku kadhaa baadaye, nyingine hazina habari hiyo. Intaneti ikikatika, nyumba nzima inakuwa kimya, na kwa ajili hiyo ile antena sikuiondoa dirishani. Bado inanasa chaneli mbili siku za mbingu kunyooka.

Nilimpangia namba 3 kituo chake. Siku ya kwanza aliibonyeza, msomaji wa habari akatokea, akabonyeza 5, akarudi 3, kisha akaiweka rimoti kwenye mkono wa kiti upande wa kulia, mahali ambapo ile ya zamani ilikuwa inakaa. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Kilichobaki ni ucheleweshaji, na hakuna king'amuzi kilichouondoa. Matangazo ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kifaa husubiri vipande vichache vifike kabla ya kuanza kuonyesha. Katika HLS, mfumo mmojawapo wa kurusha video hivyo, ambao Apple iliutoa mwaka 2009, vipande vilikuwa vya sekunde 10 kwa kawaida, baadaye wakashauri 6. Zidisha kwa vipande vitatu, ongeza safari ya kutoka kituoni, utaona kwa nini sisi tuko nyuma ya antena kwa karibu nusu dakika. Jirani wa ghorofa ya juu anapiga kelele za goli wakati kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja. Mimi iliniudhi miezi mizima. Nilikuwa naongeza sauti ili nisimsikie.

Mama alilichukulia tofauti. Mechi ya kwanza yenye magoli alikuwa jikoni, jirani akapiga kelele juu, nami nikanung'unika kwamba ameshatuharibia. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaja taratibu bila haraka yoyote, akavuta kiti, akakaa, akaweka miguu sawa. "Wanatokea upande gani?" akauliza. Nikamwonyesha upande wa kushoto. Mpira ukaingia. Akainuka akarudi jikoni, na tangu siku hiyo hakai tena dakika tisini mbele ya TV. Anafanya kazi zake na kumsikiliza jirani.